Mwalimu, Toka Jikoni

Jumapili, saa tatu usiku. Mwanga, Kigoma.

Goti la kushoto linauma, na kusema limeumia wapi ni aibu kidogo kwa mtu wa umri wangu. Limeumia kwenye mchezo nilioucheka.

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu alishuka kwenye treni na begi lenye vibao vinne na mipira miwili ya plastiki, myepesi, yenye matundu kama chujio. "Mjomba, hii inaitwa pikoboli." Nilipogundua kwamba kwenye jina hilo la Kiingereza, pickleball, kuna achari (pickle), nikamwambia mimi nimecheza voliboli tangu ujana, sitaki mchezo wa achari. Kesho yake nilikuwa nimeinama juani na tepu ya fundi, napima.

Uwanja wenyewe ni mdogo: mita 6.10 kwa 13.41, sawasawa na ule wa badminton ya watu wawiliwawili. Jirani yetu ana sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, tukachora kwa chokaa. Kasoro yake ni kwamba imelala mashariki kwa magharibi, kwa hiyo jioni jua likianza kushukia ziwani upande wa Kongo, wa upande mmoja haoni kitu. Ndiyo maana navaa kapelo. Wavu nilinunua kipande cha wavu wa dagaa uliochakaa kule Kibirizi, na mpaka leo unanuka. Kanuni inataka wavu uwe na sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Wetu ulilegea wenyewe katikati, hatukuhangaika nao.

Mpwa wangu anasema hata walioubuni walianza hivyohivyo, kwa vya kuokoteza. Mwaka 1965, kisiwa cha Bainbridge karibu na Seattle, Marekani, Joel Pritchard na Bill Bell walikuwa na uwanja wa badminton lakini vifaa havikutosha, wakachukua vibao vya pingipongi na mpira wa matundu. Baadaye rafiki yao Barney McCallum akaingia, akawa anachonga vibao vya plaiwudi. Habari hiyo ilinilainisha kidogo.

Tunacheza wanne. Mimi na mama watoto upande mmoja. Mpwa wangu na jirani, mzee mstaafu wa reli, upande wa pili. Mzee hakimbii kabisa. Anasimama pale anaposimama, mkono mmoja kiunoni, na mpira unamfuata mwenyewe kama unamdai.

Kuanzisha nilijifunza upesi: mkono unatoka chini kwenda juu, mpira unapigwa chini ya kiuno, unakwenda kona ya mshazari upande wa pili. Kilichonisumbua ni kuhesabu. Anayeanzisha ndiye pekee anayeweza kupata pointi, mchezo unaisha 11 lakini lazima muachane kwa mbili, na kabla ya kuanzisha unataja namba tatu: pointi zenu, pointi zao, na kama wewe ni muanzishaji wa kwanza au wa pili. Kila timu inapopata mpira wote wawili wanaanzisha kwa zamu, ila wale wanaofungua mchezo wanapewa nafasi moja tu, inayohesabiwa kuwa ya muanzishaji wa pili. Kwa hiyo mchezo unaanza kwa "sifuri, sifuri, mbili". Siku ya kwanza nilibishana na mtoto wa watu robo saa nzima juu ya hiyo mbili imetoka wapi. Mama watoto aliielewa papo hapo. Anaweka hesabu za kikoba, hizi kwake ni mchezo.

Halafu kuna kudunda. Mpira ukianzishwa, wapokeaji lazima wauache udunde. Wakiurudisha, walioanzisha nao lazima wauache udunde. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kuupiga hewani. Mara ya kwanza nilirukia mpira wa pili kwa furaha zote. Faulo.

Lakini kilichoniua ni jiko. Ni eneo la mita 2.13 kila upande wa wavu, na ndivyo wachezaji wenyewe wanavyoliita. Ukiwa jikoni, hata ukikanyaga mstari wake tu, huruhusiwi kupiga mpira ambao haujadunda. Ukidunda humo, ingia, upige, hakuna anayekukataza. Sasa mtu wa voliboli akiona mpira uko juu karibu na wavu, miguu haiombi ruhusa. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini: "Nyumbani hujui hata chumvi inakaa wapi, huku jikoni hutoki!"

Jumamosi iliyopita nilipiga mpira nikiwa nje ya mstari kabisa, ukadunda kwao, ukafa, mimi nikajikuta hatua mbili ndani. Faulo tena. Nikagoma: nimepiga nikiwa nje! Mzee, aliyefanya kazi miaka yake yote kwenye reli hii iliyofika hapa 1914, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, treni ukiifunga breki, inasimama palepale?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Ndivyo kanuni inavyosema kweli. Mwendo wa pigo lako ukikuingiza jikoni ni kosa, hata kama mpira umeshakufa. Wiki nzima nimekuwa nafanya mazoezi ya kusimama. Watoto wangu wanajua, wamenikuta sebuleni.

Leo tulifika kumi kwa tisa, sisi tunaanzisha. "Kumi, tisa, mbili," mama watoto akataja. Mpira ukaenda, ukarudi, ukaenda, kisha mpwa wangu akaukosea, ukaja juu, mzuri, wa kunenepa. Nikaupiga. Mzee hata hakugeuka. Nami nikasimama! Vidole vya miguu nyuma ya mstari, goti linalia, mikono inapepea kama kunguru juu ya paa la bati. Sikuingia.

Kapelo ikateleza kichwani taratibu, ikaangukia jikoni.

"Faulo, Mjomba," mpwa wangu akasema, hata sauti hakupandisha. "Ulichovaa ni wewe."

Nikamgeukia mama watoto anitetee. Alikuwa anatazama ziwani. Mzee akauzunguka wavu polepole, akainama, akanipa kapelo baada ya kuikung'uta vumbi.

"Shika, mwalimu. Na mpira utuletee."

Wakatufunga 12 kwa 10.