Pizza ya kupalia

Nikisema napika pizza nyumbani, naulizwa papo hapo: "Una oveni, dada?" Sina. Nina jiko la makaa, sufuria nzito na mfuniko wa bati. Sisi tuliolelewa Mombasa tumekula mkate wa mayai tangu utotoni, na mkate huo huiva kwa kupaliwa: makaa chini, makaa juu. Pizza haidai zaidi ya hapo.

Kule Naples ilikozaliwa, tanuri ya kuni hufika nyuzi 430 na kupita, na pizza huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Moto huo siupati kwenye roshani yangu hapa Pangani, Nairobi. Ninachoweza kuiga ni joto linalotoka juu. Mtu anayeipika kwa gesi peke yake anaunguza chini huku jibini bado limekaa vile vile alivyolikuna.

Nakanda gramu 500 za unga wa ngano, mililita 300 za maji ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha hamira na viwili vya chumvi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo unga huumuka haraka kuliko Pwani. Ila Julai, baridi ikikaza, unaweza kusubiri mpaka ukate tamaa. Saa usiiangalie, angalia donge limekuwa maradufu au bado.

Mchuzi ni nyanya zilizoiva sana, kitunguu saumu na chumvi, zikauke hadi kijiko kikipita kiache njia. Nyanya zenye maji huharibu kila kitu. Juu natia jibini la mozzarella, kima iliyokwisha kukaangwa, hoho na pilipili mbichi.

Sufuria ipate moto kwanza. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na yote haya nje kwenye roshani, kamwe si ndani, maana moshi wa makaa usioonekana unaua. Baada ya dakika kumi hivi nafunua kwa koleo, polepole majivu yasiingie. Kingo zimevimba na kupata madoa meusi, jibini linatokota pembezoni, mafuta ya kima yamegeuka rangi ya machungwa. Hapo naipua.

Pizza zilizogandishwa za supamaketi zimetengenezewa oveni. Ukiwa na sufuria tu, iache pizza iyeyuke kwenye friji kwanza, la sivyo chini itaungua na katikati bado barafu. Mimi napenda kugandisha mikate yangu mwenyewe, iliyoiva nusu, bila mchuzi.

Kiporo nacho kina heshima yake. Kisilale mezani, hasa chenye nyama. Kiingie friji mapema. Asubuhi kitakuwa kigumu, kwa sababu wanga wa mkate hukaza kwenye baridi, lakini moto huulainisha tena. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, dakika mbili tatu, kisha dondosha maji kidogo pembeni, mbali na kipande, ufunike. Mvuke unayeyusha jibini, chini panabaki pakavu na pa kukwaruza. Maikrowevu ina haraka, lakini inakupa mkate unaovutika kama mpira. Mimi nakula na chai ya tangawizi kabla ya kukimbilia matatu, na nyumbani wanajua kipande chenye pilipili nyingi hakiguswi.