Kumbukumbu ya mradi wangu: kumsaka Mzee wa Pipa

Novemba

Mama mkwe ana miaka 81 na hadithi moja asiyochoka kuisimulia: babu yao wa kwanza, Mprotestanti, alitoroka Ufaransa kwa meli akiwa amejificha ndani ya pipa la divai, akashushwa Uholanzi amelewa kwa harufu tu. Watoto wangu wanaipenda hadithi hiyo kuliko zote. Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa kule Lushoto, nimekua namwona baba akijaza daftari la washarika kila Jumapili jioni, na hadithi ya pipa ilinipa swali moja tu: huyu mtu aliandikwa wapi? Mprotestanti hahami hivi hivi. Kuna mahali alipokelewa, na aliyempokea alishika kalamu.

Basi nimeanza. Jina la ukoo ni Lefeber, yaani Lefebvre la Kifaransa lililozoea Kiholanzi. Maana yake mhunzi. (Majina haya yalibadilika kote walikokwenda, kule Afrika Kusini Le Clercq amekuwa De Klerk na Villion amekuwa Viljoen.) Mzee mwenyewe nitamwita J.

Sehemu ya kwanza imeteleza kama mlenda. Usajili wa serikali hapa Uholanzi ulianza 1811, enzi za Napoleon, na vyeti vya ndoa vinataja wazazi wa pande zote mbili, kwa hiyo ukishika kimoja unavuta kingine. Nyuma ya hapo ni vitabu vya kanisa: ubatizo, ndoa, maziko. Jioni nne, nimefika Leiden mwaka 1691, J. na mkewe M. wanambatiza mtoto wa kiume. Nyuma ya 1691 hakuna kitu. J. hakuzaliwa Leiden.

Januari

Nilidhani Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, walifika Uholanzi wakajenga kanisa lao. Sivyo. Makanisa ya lugha ya Kifaransa yalikuwa yameanzishwa na Wawaloni, watu wa upande wa Ubelgiji ya leo, waliokimbia mateso ya utawala wa Hispania katika karne ya 16. Oktoba 1685, mfalme Louis XIV alipoifuta Amri ya Nantes, ile iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, ambayo babu yake Henri IV aliitoa 1598, Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbilia huku walikuta kanisa limesimama, lina mchungaji, lina wazee, lina daftari.

Na lina kadi! Mwishoni mwa karne ya 19 makanisa hayo ya Kiwaloni yalianza kunakili vitabu vyao vya zamani kwenye kadi, tukio moja kadi moja, zikapangwa kwa majina ya ukoo. Zimepigwa picha, unazipitia ukiwa nyumbani na kikombe chako cha chai. Taabu ni tahajia: Lefebvre, le Fevre, Lefebure, le Feber, kila karani na sikio lake. Nimefungua jedwali kwenye kompyuta, safu moja kwa kila namna ya kuandika. Safu ziko tisa sasa, na mume wangu ameanza kuniuliza chakula kinapikwa saa ngapi.

Zimetoka kadi za akina J. watatu.

Machi

Wiki tatu zimepotea. Naandika nilivyokosea ili nisirudie.

Daftari la washarika halifanani na la ubatizo. La ubatizo linakuambia mtu kazaliwa na nani. La washarika linakuambia kaingia kwa mlango gani, na milango iko michache. Kijana aliyefundishwa hapo hapo anaingia kwa kukiri imani yake, kama kipaimara kwetu. Mtu mzima anayetoka kwingine anaingia kwa barua ya kanisa alikotoka, ikisema huyu ni mwenzetu, ana mwenendo mwema, mpokeeni mezani. Barua hiyo naijua vizuri. Nilipohamia Dar nilibeba ya kwangu ndani ya Biblia, mchungaji kaipiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia.

Kwa hiyo nilipomwona J. wa kwanza, 1683, kapokelewa kwa barua, nikampenda papo hapo. Safi, ana karatasi zake. Nikamfanya babu wa watoto wangu. Mkewe hakuwa M., lakini nikajidanganya kwamba labda alioa tena. Hapo ndipo ningesimama, maana katika vitabu hivi mwanamke aliyeolewa habadilishi jina, anabaki na ukoo wa baba yake mpaka kaburini. Ni zawadi kubwa kwa mtafutaji, nami niliipuuza. Juzi nimekuta J. huyo na mke yule yule wanachukua barua ya kuhamia Middelburg mwaka 1688. J. wangu miaka mitatu baadaye yuko Leiden anabatiza mtoto.

Nimemfuta kwenye jedwali. Nilikuwa nimeshamzoea.

J. wa pili ni mtoto. Amebaki wa tatu: 1687, mke wake M., ukoo wa M. ndio wenyewe, na shahidi wa ubatizo wa 1691 ni wa ukoo huo huo wa M. Huyu ndiye. Kwenye kadi yake, pale ambapo pangeandikwa barua imetoka wapi, hakuna kitu.

Mei

Kadi ni nakala, na aliyenakili alikuwa na maelfu ya kunakili. Nimetafuta picha ya ukurasa wenyewe.

Wino umekuwa rangi ya kahawa, herufi ya s imesimama kama f, na mistari imebanana mithili ya abiria wa daladala. Tarehe inasomeka 7bre. Nikaandika Julai. Siku mbili nzima nilikuwa naishi na Julai hiyo, mpaka nikajiuliza kwa nini ukurasa mzima una watu wengi siku moja halafu wiki nyingi hakuna mtu. Chakula cha Bwana kilikuwa mara nne kwa mwaka, na wapya walipokelewa kabla yake. Moja ya hizo nne ni Septemba. Na saba kwa Kifaransa ni sept: 7bre ni septembre! Vivyo hivyo 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, na Xbre ni Desemba. Nimerudi kusahihisha jedwali zima, makosa kumi na moja.

Mstari wa J. una maneno mawili ambayo kadi haina. Moja ni de Sedan, mji aliotoka. La pili ni reconnaissance.

Kamusi ilinipa "kutambuliwa", nikaona ni adabu tu za kanisa. Nilipokuwa naosha vyombo ndipo likanijia. Nikamwona mama mmoja wa usharika wetu, nikiwa na miaka kama tisa, amesimama mbele Jumapili, kitenge kakishika kwa mikono miwili, mchungaji anauliza, yeye anajibu kwa sauti ndogo, na kanisa zima linapokea. Kurudi kundini. Aliyetengwa anakiri kosa mbele ya watu ndipo anaruhusiwa tena mezani.

J. alirudi kundini. Maana yake alikuwa ametoka.

Juni

Sasa kila kitu kimekaa mahali pake, hata ule upungufu wa barua. Kwa amri ya 1685 mahekalu ya Kiprotestanti yalibomolewa na wachungaji wakapewa wiki mbili waondoke nchini. Waumini wa kawaida walikatazwa kuondoka. Mwanaume aliyekamatwa mpakani alipelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme, mwanamke alifungwa. Tangu 1681 askari walikuwa wakipangishwa kwa nguvu kwenye nyumba za Waprotestanti, wale, wavunje, wapige, mpaka mwenye nyumba atie sahihi kwamba sasa ni Mkatoliki. Wengi sana walitia. J. wa 1683 alikuwa na barua kwa sababu alikotoka bado kulikuwa na wa kuiandika. J. wa 1687 angeandikiwa na nani?

Nilisita kumwambia mama mkwe. Ukoo umejengwa juu ya mtu asiyekubali kuinama. Nikampigia dada yangu Tanga kumwomba ushauri, akanijibu, "Mwambie. Alirudi au hakurudi?"

Jumapili nikamwekea ukurasa mezani, nikamsomea. Akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza kama yule mtoto wa 1691 alizaliwa kabla au baada ya baba yake kusimama mbele ya kanisa. Nikasema, baada, Mama. Akatikisa kichwa taratibu.

Nikaona nimalize yote: Sedan haina bahari. Iko ndani kabisa, kaskazini mashariki, mji wa wafuma nguo. Kwa hiyo lile pipa kwenye meli, Mama, samahani.

Akavaa miwani, akaomba ramani. Nikamfungulia kwenye simu, akaisukuma, akataka ile ya karatasi. Kidole chake kikaanzia Sedan, kikakuta mto Meuse unapita pale pale mjini, kikaufuata polepole, Dinant, Namur, Liège, mpaka Maastricht, ambapo sisi tunauita Maas.

"Na mashua za mtoni," akasema, "hazikubeba divai?"

Nimeongeza safu ya kumi kwenye jedwali.