Kaseti ya Ijumaa Ile

Juma moja kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2002, baba alileta fundi nyumbani kwetu Makole, Dodoma, afunge dishi la wavu la futi nane alilokuwa amelinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na zamu ilimwangukia vibaya: Ijumaa ya tarehe 31 Mei, saa nane na nusu mchana, Senegal ikifungua mashindano dhidi ya Ufaransa, yeye angekuwa kituoni. Mimi nilikuwa likizo, hivyo nikapewa jukumu la kumrekodia mechi kwenye deki ya kaseti za video.

Fundi alianza na bomba, wala hakuligusa dishi mpaka zege liliposhika. Alipima kwa timazi kila upande, akanieleza kwamba bomba likiinama hata kidogo, dishi hupotea njia kila linapozungushwa. Setelaiti tuliyoitafuta ilikuwa juu ya Bahari ya Hindi, nyuzi 68.5 mashariki, kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Kwa mtu aliyesimama Dodoma, hiyo ni kuelekea mashariki, kaskazini kidogo, na kuinua uso wa dishi karibu nyuzi 50. Mwarobaini wa jirani ulikuwa umekaa katika njia hiyo hiyo. Tulimwamkia mama mwenye nyumba, tukamweleza shida yetu, naye akaturuhusu kukata matawi mawili. Kisha fundi akalisogeza dishi kwa upana wa kidole, akasubiri, akalisogeza tena, huku nikimsomea kutoka dirishani namba za nguvu ya mawimbi, mpaka jua likakaribia kuzama.

Siku ya mechi niliweka kaseti mpya ya saa tatu. Sikuitegesha deki ianze kurekodi yenyewe kwa saa iliyopangwa, kwa sababu umeme ukikatika saa ya deki hufutika, na mdogo wangu nilimkataza kabisa kugusa rimoti ya risiva, kwani deki hurekodi chaneli ile ile inayofunguliwa. Dakika ya 30 Papa Bouba Diop akafunga akiwa ameanguka chini, kisha wenzake wakacheza ngoma kuizunguka jezi yake aliyoitandaza kwenye nyasi. Mtaa mzima ulilipuka.

Kipindi cha pili upepo wa Dodoma ukaamka. Picha ikaganda, ikakatika vipande vya mraba. Nilitoka mbio uani nikakuta nati moja ya shingo ya dishi imelegea, na spana fundi alikuwa ameondoka nayo. Nikasimama nyuma ya dishi, nikaukumbatia ukingo wake kwa mikono miwili.

"Kaka, imerudi! Usiachie!" mdogo wangu akapaza sauti.

Sikuachia. Vumbi liliniingia machoni, mabega yakafa ganzi, na mwisho wa mechi ile niliusikia tu kwa vifijo vya majirani.

Baba alirudi usiku, matokeo akiwa ameshayasikia redioni: Senegal 1, Ufaransa, mabingwa watetezi, 0. Hata hivyo alikaa na sare yake ya kazi, akatazama dakika zote 90, nami kando yake nikiona kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nimekishikilia. Bao alilirudisha nyuma mara tatu. Kaseti ilipokwisha aliitoa, akachukua kisu cha jikoni, akakivunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti ili asitokee mtu wa kurekodi kitu kingine juu yake.