Makino Tomitaro: mimea, magazeti na lebo

Ndugu mlioko Tokyo, bustani ya Makino, mtaalamu wa mimea wa Japani, iko mwendo mfupi kutoka stesheni ya Oizumi-gakuen, njia ya Seibu Ikebukuro. Kuingia ni bure, Jumanne hufungwa. Aliishi hapo tangu 1926 hadi alipofariki 1957. Tafuteni Sueko-zasa, mwanzi mfupi alioupa jina la mkewe, Sueko, aliyefariki 1928 baada ya miaka mingi ya kulea watoto huku wadai wakibisha hodi.

Alizaliwa 1862 Sakawa, mkoani Kochi, akaacha shule ya msingi bila kumaliza. Ili michoro yake isiharibiwe na wachapaji, yeye mwenyewe alijifunza uchapaji wa mawe (kuchapa picha kutoka bamba la jiwe), na 1888 akaanza kutoa kitabu chake cha picha za mimea. Mwaka uliofuata yeye na Okubo Saburo waliipa Theligonum japonicum jina la kisayansi katika jarida la Japani. Kabla ya hapo, kwa kawaida sampuli (mimea iliyokaushwa) zilipelekwa Urusi kwa mtaalamu wa mimea Maximowicz, naye ndiye aliyezipa majina. Shahada ya udaktari aliipata 1927, akiwa na miaka 65!

Aliacha sampuli takriban 400,000, nyingi zikiwa bado ndani ya magazeti. Kukausha hivyo kunawezekana hata kwenye chumba kidogo cha mikeka sita. Chukua mmea wenye ua au tunda, pamoja na mzizi ikiwa ni mdogo. Jani peke yake mara nyingi halitoshi kuutambua mmea. Ukizidi urefu wa nusu ukurasa wa gazeti, ukunje mfano wa V au N. Geuza jani moja upande wa chini uonekane. Weka magazeti makavu juu na chini, kisha ubao na uzito wa kilo kama 10. Badilisha magazeti kila siku kwa wiki nzima. Katika msimu wa mvua wa Juni, ukiruka siku mbili bila kubadilisha, ukungu unaingia na majani yanakuwa meusi.

Kosa kubwa ni kukosa lebo. Sampuli nyingi za Makino hazikuwa na maelezo, na waliozipanga walilazimika kukisia kwa tarehe za magazeti na shajara zake. Andika siku hiyohiyo, kwa penseli: tarehe, mahali, mwinuko, rangi ya ua (hupotea ikikauka), jina lako. Na msichume ndani ya bustani yenyewe. Kwenye hifadhi za taifa pia ulizeni kibali kwanza.