Tulivyochagua Lamu kukimbia baridi ya Januari

Mimi na mume wangu tunaishi Hamburg, na Januari kule saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, mvua ya baridi inakupiga usoni hadi unachoka roho. Tukasema mwaka huu tutafute bahari ya joto, sisi wawili tu. Yeye alianza na Tenerife kwa sababu ndege ni masaa kama matano na bei sio mbaya, nikamwambia mume wangu, kule Januari ni nyuzi 20 na kidogo, mchana tisheti jioni sweta, na maji yenyewe ya baridi, mi nataka bahari ya kuingia nikakaa humo. Pwani ya kwetu Kenya mwezi huo joto linapita nyuzi 30. Basi ikabaki Malindi au Lamu.

Kwa kweli kilichoamua ni upepo na mto Sabaki. Kuanzia Disemba mpaka Machi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, mvua hamna na bahari inatulia, sio kama Julai kusi, upepo wa kusini, likivuma na mwani umejaa ufukweni. Hapo Malindi na Lamu zote ziko sawa. Lakini nikampigia shangazi yangu wa Malindi kumuuliza maji yakoje, akanijibu, "Mwanangu, vuli ya safari hii imenyesha kweli kweli, Sabaki imeshiba, huku mbele ya mji maji mekundu." Sabaki inamwaga baharini hapo kaskazini mwa mji na udongo wote wa bara, na upepo wa kaskazi unayasukuma yale maji kuja kwenye ghuba ya Malindi, likija kusi ndo yanaelekea upande mwingine. Kwa hivo mwaka wa vuli kubwa, ulizia kwanza. Watamu, kusini kidogo ya Malindi, kulikuwa kusafi na ningempeleka mtu yeyote bila wasiwasi, hasa anayependa kuona matumbawe na magofu ya Gede, ila mume wangu alitaka mahali hapana kelele nyingi za bodaboda na tuktuk. Lamu hiyo.

Tulifika baada ya mwaka mpya kupita, maana Krismasi bei zinapaa vibaya. Pia nilihakikisha haiangukii Ramadhani, mchana migahawa mingi ya mjini inafungwa na mi nilitaka kula mahamri na mbaazi asubuhi kwa raha zangu. Barabara ya Garsen kwenda Mokowe, pale pa kupandia boti za Lamu, imekuwa na misukosuko ya usalama miaka iliyopita, tukapanda ndege Nairobi mpaka kisiwa cha Manda kwenye uwanja wa ndege, alafu boti ya kuvuka.

Tulikaa Shela, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Lamu, na hapa wapenzi wenzangu jueni maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa kuliko siku nyingine, yanakupwa saa nne saa tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni hivi. Yakipwa mnatembea ule mchanga mkiwa wawili tu mpaka mchoke, ni kilomita kama 12 mpaka mwisho, jioni yakijaa mnaogelea. Ila yakijaa kabisa njia ya ufukweni ya kutoka mji wa Lamu inaweza kufunikwa, boti ndo rahisi. Nahodha mmoja alitwambia, "Dada, mashua twendeni asubuhi, adhuhuri upepo unapanda," na kweli tulivuka Manda bahari imelala, mchana tanga likajaa tukarudi kwa kasi mume wangu anapiga kelele za furaha. Patana bei kabla hujapanda, na uliza kama chakula kimo.

Mjini vaeni kwa heshima, bikini ni za huko ufukweni mbali. Na ukikodi nyumba uliza kama ina mpishi, wa kwetu tulikuwa tunampa hela ya soko asubuhi, mchana tunakuta kamba wa nazi, wali na ndimu mezani.