Tundu la lenzi au ukubwa wa kihisi: nilivyochagua kamera ya mfukoni

Mwanangu hucheza sebuleni usiku, chini ya taa moja, na ni picha hizo zilizonifanya nitafute kamera nyingine. Ile ya zamani ilikuwa na kihisi kidogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha. Nikizima flashi, mikono yake inatoka kama moshi. Nikipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, uso unajaa chenga. Flashi siitaki kabisa. Inamkunjisha macho, na ile rangi ya taa, ambayo ndiyo uzuri wenyewe, inapotea.

Nilibakiwa na mbili, zote za mwaka 2012. Panasonic LX7 ina lenzi ya f/1.4 bila kuvuta (zoom), hadi f/2.3 ukivuta mpaka mwisho; namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Sony RX100 ina f/1.8 hadi f/4.9, ila kihisi chake ni cha milimita 13.2 kwa 8.8, zaidi ya mara mbili ya eneo la kihisi cha mwenzake. Kwa siku kadhaa nilitazama namba za f peke yake, moyo ukaegemea LX7. Nilikosea. Namba ya f inaeleza mwanga unaoangukia kila milimita ya kihisi. Haisemi kihisi kizima kimekusanya mwanga kiasi gani.

Kilichonitoa gizani ni hesabu moja ya kugawanya. Mbele ya lenzi pameandikwa urefu wake wa fokasi, namba ya milimita inayokua kadiri unavyovuta. Ugawanye kwa namba ya f, unapata kipenyo cha tundu ambamo mwanga unapita. Bila kuvuta, LX7 ni 4.7 kwa 1.4, yaani milimita 3.4 hivi. RX100 ni 10.4 kwa 1.8, karibu milimita 5.8. Tofauti kubwa! Nikazivuta zote hadi mwisho: 17.7 kwa 2.3 ni 7.7, na 37.1 kwa 4.9 ni 7.6. Ile f/4.9 niliyoidharau ina tundu karibu sawa na la f/2.3 ya mwenzake.

Basi swali likawa: mimi huvuta mara ngapi? Jibu lilikuwa ndani ya picha zangu za zamani, kwa sababu kila faili hutunza urefu wa fokasi uliotumika. Nyingi sana sikuwa nimevuta hata kidogo. Nikachukua RX100.

Ina masharti yake. Ukianza kuvuta tu, namba ya f inapanda, na ukifika mwisho kila milimita ya kihisi inapata mwanga pungufu kwa zaidi ya mara 7. Anayepiga picha za jukwaani akiwa viti vya nyuma ningemwambia aifikirie sana LX7. Mimi siivuti. Nakaa sakafuni, karibu na mtoto, f/1.8, ISO 1600, shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde. Juzi alitulia akipanga vibao vyake, na kwenye picha nikaziona kope zake, moja moja, na taa ikiwa na rangi yake ileile ya manjano.