Barua kwanza, kikao baadaye
Wazazi wenzangu mlio Marekani, mtoto wa darasa la 6 hadi la 8 akikwama masomoni, msiishie kumwambia mwalimu mlangoni. Andikeni barua au imeili kuomba atathminiwe kwa elimu maalumu, yenye tarehe, na mbaki na nakala. Siku 60 ambazo sheria ya shirikisho huipa shule kukamilisha tathmini (majimbo mengine yana muda wao) huhesabiwa tangu usaini idhini, si tangu uombe. Hapo kati ya kuomba na kusaini ndipo muhula hupotea. Shule ikikataa kumtathmini, daini sababu kwa maandishi. Kiingereza kichanga peke yake si ulemavu. Mkalimani wa kikao cha IEP (mpango wa elimu maalumu wa mtoto wako) ni jukumu la shule, mtoto asitafsiri jamani! Na kwenye mpango huo, “atasaidiwa kusoma” haitoshi: ziandikwe dakika, mara ngapi kwa wiki, na nani atamfundisha.